Buti za jeshi za msituni, zile zenye vitundu pembeni: nimezivaa miezi nane Udzungwa

Wakuu habari za mihangaiko. Watu wameniuliza sana kuhusu hizi buti ninazovaa kazini, wengine wanazitaka, wengine wananicheka, kwaiyo ngoja niandike mara moja nimalize, siku nyingine nikiulizwa namtupia mtu hii asome mwenyewe.

Mimi nabeba mizigo ya wageni milima ya Udzungwa, upande wa Mang'ula. Safari ya maporomoko ya Sanje ni ndogo, mnapanda asubuhi jioni mko chini mnakula wali, hiyo hata na raba unaenda. Shughuli ni kilele cha Mwanihana, kilomita 38, siku tatu, mgongoni una begi la mgeni na sufuria na hema, mnavuka vijito, mnapanda mizizi, mnateleza, mnapanda tena, na mvua ya kule haiulizi mtu ratiba. Kabla ya hizi buti nilishavaa gambuti (maji yakishaingia kwa juu umebeba ndoo mbili miguuni), nilishavaa raba za mtumba (mwezi mmoja kwisha), na kuna kipindi nilivaa viatu vya kupandia mlima alivyoniachia mgeni, vizuri kweli, vile ambavyo vinazuia maji, ila siku maji yanaingia hayatoki tena, kiatu kikishalowa hakikauki siku zote tatu na vidole vinakuwa vyeupe vimejikunja kama vya mtu aliyefua nguo kutwa.

Basi nikazikuta hizi Dar kwenye mtumba. Kibanda sitaji. Jamaa alianzia 80,000 tukabishana mpaka 55,000. Ngozi nyeusi chini, juu kitambaa kigumu cha nailoni cha kijani, soli imeshikana na ngozi kabisa bila uzi wa kushonea, na kwa upande wa ndani wa kila mguu karibu na unyayo kuna vitundu viwili vya chuma vyenye wavu mdogo. Muuzaji akaniapia, "Mwanangu, hizi za makomandoo, haziingizi maji kabisa." Sasa hapo nusu ni kweli nusu ni uongo. Za makomandoo, sawa. Haziingizi maji? Kaka, kitu kina matundu manne, nayaona kwa macho yangu, mtu ananiambia hakiingizi maji na mimi natoa hela. Nilitoa.

Kijito cha kwanza tu maji yakaingia yote. Nikatukana kimoyomoyo (kuna wageni). Lakini tulivyotoka ng'ambo na kuanza kupanda nikaanza kusikia kitu, kila nikikanyaga kuna sauti fyuu, fyuu, naangalia chini naona maji yanaruka pembeni kwenye vile vitundu kama mtu anakamua dekio. Hatua kama mia hivi buti ikawa nyepesi tena. Mguu umelowa ndio, ila hauogelei. Mwenzangu wa gambuti siku hiyo alikaa chini mara tatu kuvua na kumwaga, na kila akikaa kundi zima linasimama linamsubiri.

Hapo ndo nikaelewa, hii sio buti ya kuzuia maji. Ni buti iliyotengenezwa na watu walioshakubali kwamba maji yataingia tu, wakahangaikia jinsi ya kuyatoa. Ukiinunua kwa kuamini ile kauli ya muuzaji utailaani. Ukijua kazi yake utaipenda, na kisa cha kutengenezwa hivo kinanifurahisha kuliko buti yenyewe, kwaiyo mnivumilie kidogo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki. Alienda Bama (Burma, siku hizi Myanmar) kwenye vita ya pili ya dunia, ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, masika yote tope na malaria, mpaka wakafika Kalewa mwezi wa 12. Alifariki mimi niko darasa la nne, ila nakumbuka alikuwa haongelei risasi hata, alikuwa anaongelea miguu. Kila jioni anaosha miguu anaikausha kidole kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu kama anafuta vikombe vya chai, na mtoto ukimcheka unakula kofi. Yeye alikuwa askari wa kawaida tu, sio komandoo. Lakini huko huko Bama ndo walikuwepo wale wa kujipenyeza nyuma ya adui, Chindit, wa yule Mwingereza Wingate aliyekuwa amepigana kwa mtindo huo huo Ethiopia mwaka 1941. Februari 1943 waliingia kama watu 3,000 kwa miguu, wakavuka mto Chindwin, wakawa wanakula wanachodondoshewa na ndege, na waliorudi walipungua mia nane na kitu. Nyumbu wao wengi wa mizigo walikuja kukatwa sauti kooni wasilie, maana nyumbu mmoja akilia usiku mmekwisha wote. Mwaka 1944 wakaingia tena kwa wingi, safari hii wengi kwa ndege, na brigedi nzima ya Wanigeria ilikuwemo, kitu ambacho watu wengi hawakijui.

Wamarekani nao walikuwa na cha kwao, Merrill's Marauders, karibu 3,000 wa kujitolea, walitembea milima ile mpaka wakauteka uwanja wa ndege wa Myitkyina tarehe 17 Mei 1944. Kilichowamaliza zaidi ni magonjwa, sio Wajapani. Kuhara, malaria, homa ya wadudu wa majanini. Fikiria uko maili mia ndani ya eneo la adui, mguu umeoza, hospitali iko wapi? Hakuna. Ukishindwa kutembea wewe ni mzigo, wenzako wanne wanakubeba, na watu wanne wanaobeba mtu hawajifichi. Kwenye vita ya kawaida kiatu kibaya ni usumbufu. Kule nyuma kiatu kibaya kinaua kundi zima.

Kwaiyo hata hizi buti zilianza kipindi hicho, Marekani walikuwa wanazijaribia Panama, mwanzoni za turubai na mpira, na ndani kuna soli ya kutoa na kurudisha iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki kama jamvi dogo, ukikanyaga inabana, ukinyanyua inaachia, hewa inazunguka. Hiyo soli ya ndani kwenye zangu haikuwepo, nadhani mwenye nayo wa kwanza aliitoa akatupa. Nimekata kipande cha jamvi la plastiki nikaweka, kinafanya kazi, ingawa siku ya kwanza kilinichora unyayo mzima mistari mistari.

Baadae vita ya Vietnam ndo wakaja na hii tunayoiona mtumbani, ngozi chini nailoni juu. Na huko waliohangaika nazo kuliko wote ni wale wa SOG, kikundi cha siri kilichoanzishwa Januari 1964, jina lake la kwenye karatasi eti Kikundi cha Masomo na Uchunguzi, utadhani ni wa chuo kikuu. Kazi yao kuvuka mpaka kuingia Laos na Kambodia kuichungulia ile barabara ya Ho Chi Minh, nchi ambazo serikali yao ilikuwa inasema haina askari. Wanaenda Wamarekani wawili watatu na wenyeji wa milimani, Montagnard, jumla hawajai hata kwenye Noah mbili. Hawana beji, hawana kitambulisho shingoni, kila kinachoweza kugonga kimefungwa utepe, wa mwisho kwenye mstari kazi yake ni kurudishia majani na kufuta alama walipopita. Usiku wanalala na buti miguuni. Hawawashi moto. Sasa niambie utakausha vipi kiatu? Haukaushi. Ndo maana ya vile vitundu, kiatu kinajikausha chenyewe ukiwa unatembea, maana nafasi ya kuvua haipo.

Waaustralia nao walikuwa na watu wao wa SAS, kikosi chao maalumu, kule kule, wanatembea watano watano, kwa siku wanaenda kama kilomita moja tu, polepole mpaka jani halitikisiki, adui akawapa jina la mizimu ya msituni. Mimi nikijaribu mwendo huo na wageni wataniachia mizigo yao waondoke. Ila kuna kimoja nimekichukua kwao, nawaambia wageni wasipake manukato asubuhi, maana wale mizimu hata sabuni yenye harufu na sigara walikuwa wanaacha, na nyani wa Sanje pua anayo kama adui.

Turudi kwenye buti. Soli.

Kuna soli za aina mbili mtumbani, muangalie sana. Kuna yenye meno ya karibu karibu kama ya kupandia mlima, na kuna yenye meno mapana yamepinda yameachana, hiyo ndo inaitwa soli ya Panama, aliibuni sajenti mmoja wa Marekani anaitwa Raymond Dobie mwaka 1944. Chukua hiyo ya pili. Ile ya kwanza kwenye mwamba iko poa, ila kwenye udongo wetu mwekundu ule wa kunata, hatua kumi tope limeshajaa katikati ya meno, umevaa chapati mbili unateleza kama umepakwa sabuni. Ya Panama tope linaruka lenyewe ukinyanyua mguu. Zangu ni za Panama, na kwa hapo sina neno, mteremko wa kutoka Mwanihana siku ya tatu, miguu imechoka inatetemeka, mvua imenyesha usiku kucha, nimeanguka mara moja tu miezi nane yote na hiyo siku ilikuwa ni uzembe wangu nachungulia simu.

Ila soli hiyo hiyo iliwaponza wenyewe. Ukikanyaga tope inaacha alama kubwa ya mistari, kule Vietnam aliyekuwa na buti ya hivo ni Mmarekani na watu wake, basi, mfuatiliaji akiiona ameshajua kila kitu. Kwa sababu wenzao wa upande wa pili walikuwa wamevaa nini? Katambuga! Nawaambia ukweli, ndala za tairi, tairi chini, mikanda ya mpira juu, hizi hizi anazouza mzee pale mnadani. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani lilikuwa linafukuzana msituni na watu wa katambuga na halikuwamaliza.

Na wakati wa Mjapani Waingereza walishaliona tatizo hilo. Ile idara yao ya siri, SOE, ilitengeneza soli za mpira zenye umbo la mguu wa peku, na vidole kabisa, unazifunga chini ya buti ili ukipita ufukweni au kwenye njia adui aone mwenyeji tu kapita. Niliona picha yake nikamuonesha mzee mmoja tunayebeba naye, sisi tunamwita Babu ingawa nguvu anatushinda vijana, amekulia misitu hii. Akaishika simu, akaisogeza mbali na macho, akaangalia, akacheka sana. Akasema, "Huyu hawezi kunidanganya. Mtu wa peku kwenye utelezi anashika chini kwa vidole, lile dole gumba linazama. Hii imelala yote sawa kama mwiko." Nikakaa kimya. Idara nzima, wataalamu, bajeti, na Babu kawamaliza kwa sekunde kumi.

Babu mwenyewe anavaa katambuga mwaka mzima. Kwenye kijito anapita bila hata kupunguza mwendo, maji hayana pa kukaa, akifika ng'ambo mguu umeshakauka na mimi bado napiga fyuu fyuu nyuma yake. Kwaiyo kwa suala la kutoa maji, haki ya Mungu, katambuga namba moja, buti yangu namba mbili. Ambapo buti inamshinda ni siafu na miiba. Siku tulipoingia kwenye msafara wa siafu Babu alicheza ngoma ambayo sijawahi kuiona, mimi nilikuwa nimechomekea suruali ndani ya buti nikapita nimenyooka, na kwenye vile vitundu siafu haingii, wavu wake ni mdogo sana.

Kuhusu miiba, kuna jambo muhimu kwa wanunuzi. Vietnam kulikuwa na mitego ya vijiti vya mianzi vimechongwa vikali, vimechomekwa ndani ya shimo lililofunikwa majani, vingine vimepakwa uchafu ili kidonda kioze, ukikanyaga kinapenya soli mpaka juu. Wakaweka bati la chuma ndani ya soli kuzuia. Wauzaji wengi wanasema "hii ina bati ndani". Usikubali kirahisi. Zangu nilizipeleka kwa fundi viatu, nikamuomba apitishe msharasi kwa chini, taratibu, sehemu ambayo haitaharibu. Ukapita laini kama kwenye ndizi. Hakuna bati hata la kopo la maziwa. Ni kopi, au ni za miaka ya karibuni ambazo hazikuwekewa, mimi kwa miiba yetu inatosha, ila kama unalipia zaidi kwa ajili ya bati basi lihakikishe kwanza.

Na huyo huyo fundi ndo alinifanyia maajabu ambayo sitasahau. Nilimuachia buti arudishie kamba na apige gundi kidogo kwenye ncha. Narudi jioni kazing'arisha unaweza kujiona sura, nikafurahi, nikamlipa, nikaenda zangu. Safari iliyofuata kijito cha kwanza maji yakaingia kwa juu, natembea nasubiri fyuu. Kimya. Natembea. Buti inazidi kuwa nzito. Nakuja kuinama naangalia, vile vitundu vyote vinne vimezibwa na gundi nyeusi, na kiraka kidogo cha ngozi kwa juu, kazi safi kabisa, kashona kwa upendo. Siku tatu nilitembea na maji ya kisima miguuni. Niliporudi nikamuuliza, "Fundi, ulifanyaje?" Akanijibu kwa masikitiko kabisa, "Mdogo wangu, viatu vizuri vile umevitembeza vimetoboka, nikasema nikusaidie, hiyo hata sikukuchaji." Ungemfanya nini mtu kama huyo? Nikamshukuru. Nikaenda nyumbani nikachoma msumari kwenye mkaa nikavitoboa tena mwenyewe, ule wavu wa upande mmoja ukafa. Kwaiyo ukipeleka kwa fundi mwambie mapema, tena mara mbili.

Ubaya mwingine. Ni ngumu, wiki mbili za mwanzo zilinila visigino mpaka soksi zinashika kwenye kidonda, usinunue leo ukapanda kesho. Chukua namba moja juu ya yako kwa sababu mguu uliolowa unavimba na utataka soksi nzito. Kwenye lami juani zinachemsha, hizi sio za kuendea harusini wala za kupandia bodaboda kutwa, unazivaa Kariakoo saa saba mchana utalia. Fangasi nao, jamani, buti haikuondolei fangasi, usiku lazima uvue, ukaushe miguu, uvae soksi kavu ambayo umeifunga kwenye mfuko wa nailoni na haiguswi kwa sababu yoyote. Nafikiri babu yangu mzaa mama angeniona na soksi yangu kwenye mfuko angenipa mkono.

Na usizikaushie kwenye moto! Mimi niliziweka karibu na mafiga usiku mmoja, wale wa SOG hawakuwa na moto na kumbe ilikuwa bahati yao, asubuhi ngozi imekakamaa kama ngoma na soli ya mguu wa kulia imeanza kuachia pembeni. Jaza magazeti ndani ziache kwenye upepo, basi.

Alafu vijana, buti ni buti, ila usije ukashawishika ukachukua na ile kombati ya mabaka inayoning'inia pembeni yake eti upendeze picha. Raia kuvaa sare za jeshi nchi hii ni kosa, na ukikutana na wenyewe hawatakuuliza umenunua shilingi ngapi.

Kwa 55,000 na kazi yangu, naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeiondoa kwa ajili ya ulimi wa muuzaji. Kama kazi yako ni shambani kwenye majaruba ya mpunga, Ifakara huko, chukua gambuti au katambuga, buti hizi utaonewa tu. Kama unatembea siku mbili tatu kwenye msitu wa mvua na mzigo mgongoni, zitafute.

Nilimpa Babu azijaribu jioni moja kambini, namba inamtosha. Alitembea mpaka kwenye kijito, akasimama ndani ya maji, akatoka, akaanza kupiga hatua pale pale kama kuruti anasikiliza ile sauti. Fyuu. Fyuu. Akazivua, akamwaga yaliyobaki, akanirudishia. "Nzuri," akasema, "zinafanana na zangu."

Soli ya kulia bado inaachia na yule fundi namuogopa, kwaiyo mwenye kumjua fundi mzuri wa kushona soli Ifakara au Kilosa anistue. Asiyezibua wala kuziba kitu bila kuambiwa.